Milimita 50 ni madumu mangapi? Mpe mtoto chupa, atakujibu

Kila msimu wa mvua tangazo ni lile lile. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inatahadharisha kuhusu mvua kubwa, inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Redio zinasoma, simu zinasambaza, na wengi wetu tunabaki na neno moja tu: kubwa. Ile 50 inaingilia sikio hili na kutokea lile.

Mwanafunzi wa darasa la tano aliyewahi kupima mvua kwa mkono wake haiachi ipite. Anajua kwamba milimita moja ya mvua ikianguka kwenye meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa la meta za mraba 40 likinyeshewa milimita 50 linapokea lita 2,000, yaani madumu 100 ya lita 20. Hilo ni paa moja. Zidisha kwa mapaa ya mtaa mzima, ongeza mitaro iliyojaa taka, na utaelewa maji yanayofurika bonde la Jangwani, Dar es Salaam, yanatoka wapi.

Wanafunzi wetu wengi huvijua vifaa vya hali ya hewa kwa kuvichora. Wanakariri majina, wanajibu mtihani, kisha wanamaliza shule bila kugusa hata kimoja. Inasikitisha, kwa sababu vifaa vya dukani ni ghali lakini sayansi yenyewe inafanyika kwa vitu ambavyo kila siku tunavitupa.

Kipimamvua cha chupa

Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyonyooka ubavuni. Ikate kwa mkasi pale mabega yanapoishia, kisha kipande cha juu ukipindue na kukipachika mdomo ukitazama chini, kiwe faneli. Faneli inapokea mvua na pia inapunguza maji kukaushwa na jua. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo weka kokoto, mimina maji mpaka yafike ubavu unapoanza kunyooka, na ubandike utepe hapo. Hiyo ndiyo sifuri. Simamisha rula kuanzia kwenye sifuri hiyo, uifunge kwa selotepu.

Mahali pa kuiweka ndipo panapohitaji akili. Iwe uwanjani, mbali na ukuta na miti: mti ukiwa na urefu wa meta tano, kaa angalau meta kumi kutoka ulipo. Mdomo uwe juu ya ardhi kama sentimita 30, matone yanayoruka kutoka chini yasiingie, na chupa izungushiwe mawe isiangushwe na upepo. Watoto wakibisha, na wabishe, wape chupa ya pili waiweke chini ya mwembe. Mvua ikikatika walinganishe. Majani hushika sehemu ya mvua na kuidondosha kwingine, hivyo chupa mbili za ua mmoja zitatoa majibu mawili. Hakuna maelezo ya ubaoni yatakayowafundisha vizuri zaidi kwamba kipimo hutegemea mahali kilipochukuliwa.

Isomwe saa tatu asubuhi, saa ile ile ambayo vituo vya hali ya hewa vya Tanzania na Kenya husoma vipimamvua vyao. Msomaji achuchumae, jicho liwe usawa mmoja na maji. Akishaandika, amwage yaliyozidi. Na kama jua limeyapunguza, ayaongeze mpaka yarudi kwenye sifuri.

Sifuri na kistari

Daftari ndilo lenye uzito kuliko chupa. Lina safu za tarehe, milimita, mawingu, upepo na jina la aliyesoma. Siku isiyonyesha, mtoto anaandika 0. Siku ambayo hakuna aliyepima, anaweka kistari. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo sayansi yenyewe: sifuri inasema nilitazama, hapakuwa na mvua, kistari kinasema sikutazama. Shule ikifungwa Jumamosi na Jumapili, maji yatakayokutwa Jumatatu ni ya tangu Ijumaa, na yaandikwe hivyo. Yasigawanywe kwa kubahatisha ili ukurasa upendeze. Mtoto anayezoea kuandika alichokiona, bila kujaza pengo, amepata tabia itakayomfaa hospitalini, kiwandani na hata mahakamani.

Wingu ndani ya chupa

Kuna jaribio moja ambalo sijaona darasa likilitazama bila kupiga kelele. Chukua chupa laini ya plastiki, mimina maji ya uvuguvugu vijiko viwili, funga kifuniko na utikise. Ikamue kwa nguvu kwa sekunde chache, kisha uiachie ghafla. Pengine hutaona kitu. Sasa mwalimu awashe kijiti cha kiberiti, akizime, akiingize mdomoni mwa chupa kikiwa bado kinafuka, kisha afunge upesi. Kamua tena, achia tena. Ukungu mweupe unajaa chupa. Ukikamua, unapotea, ukiachia, unarudi.

Waachie watoto waeleze kwanza, halafu uwafafanulie. Hewa ikiachiwa hutanuka, ikitanuka hupoa, na mvuke uliomo hujishika kwenye chembe za moshi na kuwa vitone. Angani kazi ya moshi hufanywa na vumbi na chumvi ya bahari, na kazi ya mkono hufanywa na milima. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ikipandishwa na milima ya Usambara hupoa na kumwaga mvua. Ndiyo maana Amani kuna msitu wa kijani mwaka mzima, na Mkomazi, nyuma ya milima, ni nyika kavu.

Kusi na kaskazi

Upepo nao unapimika. Mrija wa soda, mshale wa karatasi ngumu upande mmoja, mkia mpana upande wa pili, na pini iliyopita katikati hadi kwenye raba ya penseli, vinatosha kuwa kielekezaupepo. Upepo husukuma mkia, na ncha hugeukia unakotoka. Shule ya pwani ikiandika mwelekeo kila siku itaona kaskazi ya Desemba ikitawala hadi karibu Machi, kisha kusi ikishika zamu. Asiyejua kwa nini alasiri upepo hutoka baharini aweke makopo mawili juani, moja la mchanga na moja la maji, kila moja na kipimajoto chake. Mchanga utapata joto haraka. Nchi kavu nayo hufanya hivyo, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huja kujaza nafasi.

Hapa ndipo mzee mvuvi anapostahili kualikwa darasani. Mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya ambayo watu wa Makunduchi, Zanzibar, bado wanaiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Elimu yao ilitokana na kutazama anga miaka na miaka. Mtoto mwenye daftari anaendeleza kazi hiyo hiyo, na maswali atakayomuuliza mzee yatakuwa ya mtu anayejua anachouliza.

Sharti moja halina mjadala: radi ikipiga, vipimo vinasubiri. Watoto wahesabu wakiwa ndani ya jengo, tangu mmweko hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Wasikimbilie chini ya mti.

Daftari lisipotee

Mradi wa TAHMO umeweka vituo vya kisasa vya hali ya hewa kwenye viwanja vya shule katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Ni jambo jema, lakini shule isiyo na kituo isikae kusubiri. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania, taarifa za TMA zilihitaji wasikilizaji wanaoelewa nambari, na wasikilizaji hao hutengenezwa mapema, siku za kawaida.

TMA ikisema mvua itakuwa juu ya wastani au chini yake, wastani huo umetokana na rekodi za miaka 30. Hakuna mwanafunzi atakayepima miaka yote hiyo. Shule inaweza, darasa la tano likikabidhi kwa la tano linalofuata. Mwalimu mkuu atenge kona ya uwanja, apange zamu za wasomaji, na daftari la kila mwaka likijaa alifungie kabatini pamoja na nyaraka nyingine za shule.