Uyoga Mkavu Kabatini na Ushahidi wa Jina

Uyoga huchomoza baada ya mvua, na kwa kawaida haupiti siku nyingi kabla ya kuoza. Hata hivyo, katika hebaria, yaani hifadhi za mimea mikavu za vyuo vikuu, upo uyoga uliochumwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, nao ungali unachunguzwa. Hutunzwaje, na kwa faida gani?

Kwanza ieleweke kwamba uyoga si mmea. Ni aina ya kuvu, na kuvu hazijitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Mwaka 1969 mwanasayansi R. H. Whittaker wa Marekani aliziweka katika himaya yake peke yake. Kuwekwa kwake pamoja na mimea ni desturi ya zamani.

Kazi huanzia porini

Sehemu tisa hivi katika kumi za uzito wa uyoga mbichi ni maji. Ukikaushwa hunywea, rangi hubadilika, na harufu hupotea. Kwa hiyo mkusanyaji huandika kwanza mahali, tarehe, miti iliyo jirani, rangi, harufu, na jina litumiwalo na wenyeji. Huuchimba mzima, asije akakiacha ardhini kifuko kilicho chini ya shina. Kifuko hicho ni alama mojawapo ya Amanita, jamii yenye aina zinazoua. Kofia moja hulazwa juu ya karatasi usiku kucha, ili spora, yaani vijimbegu vyake, zianguke na kuonyesha rangi.

Baadaye uyoga hukaushwa polepole kwa joto la digrii 40 hivi za sentigredi, na hugandishwa kwa siku kadhaa ili wadudu wafe. Hatimaye hutiwa katika bahasha pamoja na maelezo yake. Bila maelezo hayo, kielelezo karibu hakina thamani.

Kosa la jina

Sumu ya baadhi ya Amanita haiondolewi kwa kupikwa. Dalili huweza kuchelewa saa 6 au zaidi, na wakati huo ini limekwisha kuanza kudhurika. Hivyo hapana budi majina yaweze kuhakikishwa. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha kitabu juu ya uyoga wa Tanzania, unaolika na wenye madhara. Kazi ya namna hiyo husimama juu ya vielelezo. Atiliaye shaka jina huifungua bahasha, akapima spora kwa hadubini, na siku hizi hata akasoma chembe za urithi.

Walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kupata alama ya spora darasani. Uyoga wa majaribio usionjwe kamwe, na mikono ioshwe baada ya kazi. Tarehe na mahali viandikwe siku ile ile.