Bodaboda iliponifunza tofauti ya 'kukauka' na 'kukausha'

JUMAMOSI iliyopita nilipanda bodaboda nje ya mahali pa kuoshea magari jijini Eldoret. Kijana anayenibeba kila wiki alikuwa ametoka kuiosha pikipiki yake na ilikuwa inang'aa. Nikaona maji bado yanatona chini ya injini.

"Umeikausha, mwanangu?" nikamuuliza.

"Itakauka tu na upepo, prof. Panda twende."

Kwenye mteremko wa kwanza akakanyaga breki ya nyuma. Pikipiki ilipunguza mwendo kidogo, kisha ikaendelea kana kwamba haikuambiwa kitu. Tulisimamishwa na mtaro. Hatukuumia, ila nilishuka miguu ikitetemeka, na kwa umri wangu mitaro si mahali pa kushukia.

Nimefundisha unyambuaji wa vitenzi kwa zaidi ya miaka 30, na pale mtaroni nikagundua kwamba nilikuwa nimeuliza kwa kitenzi kimoja nikajibiwa kwa kingine. Kauka ni jambo linalojitokea lenyewe: maji yanaondoka, kitu kinabaki kikavu, wala hatuambiwi nani kafanya nini. Kausha ni kauli ya kutendesha. Ile 'k' ya mwisho hugeuka 'sh', kama waka inavyozaa washa, chemka ikazaa chemsha, na anguka ikazaa angusha. Swali la 'umeikausha?' linamdai mtu kazi. Jibu la 'itakauka' linamvua mtu huyo kazi hiyo na kuwatwika jua na upepo. Ndugu zetu wa Tanzania wanapoiita mikopo yenye riba kali 'kausha damu', wanajua vyema kwamba damu hiyo haikauki yenyewe, yupo anayeikausha.

Jua lenyewe la kutegemewa liko wapi? Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai kama hii mawingu hushinda kutwa.

Hata hivyo, kausha nalo lina upungufu wake. Linataja matokeo bila kutaja njia. Kiswahili kina vitenzi vya njia na pikipiki inavihitaji karibu vyote. Kwanza ni kuchuruzisha: iegemeze pikipiki upande mmoja, kisha mwingine, maji yaliyojificha chini ya kiti na kwenye mikunjo ya injini yatoke. Kisha kupangusa (wengine husema kupanguza), ambako hutaka kitambaa laini kinachonyonya maji, na mkono unaokikamua kila mara. Anza juu, kwenye tangi na taa, ushuke. Maji yakiachwa yajikaukie juu ya tangi, yenyewe huondoka lakini chumvichumvi zilizokuwa ndani yake hubaki. Hayo ndiyo madoa meupe ambayo vijana huilaumu sabuni kwayo.

Mnyororo, au cheni kama waendeshaji wanavyouita, upewe tambara lake kuukuu. Ukirudi na tambara hilo kwenye tangi, mchanga wake utakwaruza rangi. Zima injini kabisa, lizungushe gurudumu la nyuma kwa mkono huku ukipangusa, na vidole viwe mbali na meno. Nimeshaona watu wakifanya kazi hii injini ikinguruma, na sitaki kusimulia zaidi. Maji yanayobaki katikati ya viungo vya mnyororo huleta kutu, kwa hiyo ukishakauka utiwe mafuta. Kuupaka mafuta ungali chepechepe ni kuyafungia maji ndani. Na mafuta hayo yasidondokee tairi wala diski ya breki.

Kuna pembe ambazo kitambaa hakifiki. Maji hutuama kwenye kishimo cha plagi, na yakipenya chini ya kifuniko chake injini huanza kukohoa au hukataa kuwaka. Hapo ni kupuliza. Wenye mashine ya upepo waitumie, lakini wasiielekeze kwenye beringi za magurudumu wala kwenye swichi za usukani, maana upepo wa nguvu huweza kuyasukuma maji ndani zaidi badala ya kuyatoa.

Sasa turudi kwenye breki iliyotupeleka mtaroni. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki ya nyuma iliyofungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Maji ya mpira wa presha yakiingia humo hayaonekani. Vile vipande vinavyosugua ndani vikiloa, huteleza badala ya kushika, hata ukanyage vipi. Hapa hakuna kupangusa wala kuanika. Kinachokausha ni joto la msuguano: unaendesha polepole mahali pasipo na magari wala watu, bila abiria, ukikanyaga breki kidogo kidogo mpaka uhisi imeanza kushika. Ndipo unaingia barabarani.

Nimetaja kuanika kwa kupita tu. Kitenzi hiki ni cha nguo, mpunga na samaki, vitu vinavyotandazwa au kutundikwa juani. Mwenzake, kuanua, yaani kuviondoa vilivyoanikwa, karibu unapotea katika vinywa vya vijana wetu wa mjini. Mjukuu wangu husema 'kutoa nguo kwa kamba'. Pikipiki haianikwi, ingawa nimeona nyingi zimeachwa juani mchana kutwa, viti vikipasuka, na mwenyewe akiamini anaikausha.

Juzi Jumatano kijana wangu alinijia tena, pikipiki imeoshwa.

"Prof, leo nimeipangusa."

"Na breki?"

"Nimekuwa nikizikanyaga tangu kule juu kwa soko. Zinashika."

Nikavaa kofia, nikapanda.