Jemadari na Wanaomfuata

Tuzungumzapo habari za majemadari wa Kiyunani wa zamani, aghalabu huhesabu miji waliyoiteka na wafalme waliowaangusha. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ya askari waliotoka Ulaya kwa miguu mpaka ndani kabisa ya Asia, na swali lake ni moja: je, aliyewaongoza alikuwa akiwasikiliza?

Tuitazame misafara miwili. Wa kwanza ni wa mwaka 401 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Cyrus, mwana wa mfalme wa Uajemi, aliwakodi Wayunani zaidi ya 10,000, akawaficha makusudio ya safari, akawafikisha karibu na Babeli ili amnyang'anye ufalme ndugu yake, Artaxerxes. Katika mapigano ya Cunaxa Cyrus akauawa. Kisha majemadari watano wa Kiyunani wakaitwa kwa mazungumzo hemani kwa liwali wa Kiajemi, Tissaphernes. Wakakamatwa, na baadaye wakauawa.

Jeshi lisilo kichwa, katikati ya nchi ya adui, lilitazamiwa lisambaratike. Walakini maofisa waliosalia walikutana usiku wakachagua viongozi wapya, miongoni mwao Xenophon wa Athens. Kulipopambazuka askari wote waliitwa, wakaelezwa hali ilivyo bila ya kufichwa, na wakaamua kwa kuinua mikono namna ya kusafiri. Walivuka milima ya Kurdistan na theluji ya Armenia. Walipofika juu ya mlima na kuiona Bahari Nyeusi, walilitaja jina la bahari kwa ukelele, wakakumbatiana huku wakilia. Mtu wa visiwani hana haja ya kuelezwa furaha hiyo. Hawakuwa malaika, vijiji vya njiani waliviteka nyara. Lakini walipohesabiwa pwani, walikuwa wangali hai watu 8,600.

Msafara wa pili ni wa Alexander wa Makedonia, ambaye vyuoni tulizoea kumsikia akiitwa Iskandar. Alivuka mlango wa bahari wa Dardanelles mwaka 334 K.K. Alimshinda Darius huko Issus mwaka 333 na Gaugamela mwaka 331. Kisiwa cha Tyre alikizingira miezi saba, akajenga njia ya mawe na magogo juu ya maji mpaka akakiingia. Ushujaa wake hauna shaka.

Mwaka 326 alifika Mto Beas, katika Punjab, akataka kuendelea mashariki. Askari wake walikuwa wamekwenda miaka minane. Mvua zilikuwa zimewaozesha nguo, na wengi wa wenzao wamezikwa njiani. Walikataa. Koinos, kamanda mkongwe, alisimama akawasemea mbele ya mfalme. Alexander alijifungia hemani siku tatu, na mwisho akakubali kurudi.

Lakini alirudi kwa njia ya jangwa, kupitia Makran, nchi ya asili ya Wabulushi ambao baadhi yao walihamia katika visiwa vyetu. Nearchus, mkuu wa merikebu zake, aliandika kwamba mfalme alitaka kuwapita wakubwa wa kale ambao majeshi yao yaliangamia humo. Jeshi na merikebu vilikusudiwa vifuatane kando ya pwani vikisaidiana; lakini merikebu zilizuiwa na upepo wa kusi, ule ule waujuao manahodha wetu. Njaa na kiu vikaua watu kwa maelfu, na wake na watoto waliofuatana na jeshi wakaangamia pia.

Mwaka 323 Alexander alikufa Babeli, hajatimiza miaka 33, wala hakuacha mrithi aliye tayari kushika madaraka. Majemadari wake wakapigana wao kwa wao, Ptolemy akaishika Misri, Seleucus akaishika Babeli, na milki ikavunjika vipande.

Uongozi ni dhamana, na dhamana haipimwi kwa urefu wa safari bali kwa hesabu ya waliorudi. Cyrus aliwaficha watu wake ukweli. Xenophon na wenzake waliwaambia. Alexander aliwasikiliza kwenye Mto Beas walipomkatalia. Makran hakuna aliyemkatalia, na huko ndiko alikowapoteza.