Bei ya Vibua Huanzia Chini ya Maji

Jua halijawa kali, vibua wameshatoka mnadani Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, wako kwenye ndoo nyuma ya bodaboda, safari ya Kariakoo. Siku wakiwa wengi, fungu hunenepa. Wakiadimika, fungu lina samaki watatu na bei imepanda. Mnunuzi humlaumu mchuuzi, mchuuzi humlaumu dalali. Mimi naona lawama zote hizo zinaishia juu juu.

Bahari iliyo mbele yetu haina joto moja. Juu kuna tabaka la maji vuguvugu yanayokorogwa na upepo. Chini yake joto hushuka ghafla. Mpaka huo wataalamu huuita themoklaini. Maji ya moto ni mepesi, ya baridi ni mazito, hivyo yale huelea juu ya haya kama mafuta juu ya mchuzi.

Tatizo ni kwamba mwanga uko juu, mbolea iko chini. Mabaki ya viumbe huzama na kuozea gizani, rutuba ikabaki kwenye baridi. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho inahitaji vyote viwili. Bila mimea hiyo hakuna vijidudu vya majini, bila vijidudu hakuna dagaa wala vibua, na jodari anayewafuata hana la kufuata.

Wavuvi wanaijua habari hii kwa majina ya pepo. Wakati wa kaskazi jua huchoma, tabaka la juu huwa jembamba, na kufikia Machi joto hukaribia nyuzi 30. Kusi likishika, maji hukorogwa hadi chini zaidi na kuinua rutuba, tabaka hunenepa, na Agosti uso wa bahari huzizima hadi nyuzi 25 hivi.

Jodari hupenda vuguvugu. Mpaka wa baridi ukiwa karibu, hubanwa juu na wavu humpata. Ukizama, naye hushuka. Joto lilipozidi magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998, mpaka ulizama, na meli kubwa za jodari zikahamia mashariki. Mwaka huohuo matumbawe yetu yalipauka.

Anayedhani haya ni ya baharini tu, asimame kwenye magunia ya dagaa wa Kigoma pale Kariakoo. Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470, lina matabaka kama hayo, na upepo wa kusi ndio unaopandisha rutuba yake. Mwaka 2003 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba ziwa linavyopata joto, maji huchanganyika kidogo na chakula cha samaki hupungua. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi huko kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 ili samaki wazaliane. Naunga mkono. Lakini kupumzisha nyavu hakupozi maji.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia upepo na mawimbi. Natamani mvuvi wa Feri atangaziwe pia joto la mita 50 chini, kabla hajatia mafuta kwenye injini.