Sarafu ya dola milioni 3.49 yashindwa na dhahabu ya kawaida

Sarafu moja ya dhahabu ya Hispania, iliyotengenezwa mwaka 1609, iliuzwa mnadani mjini Geneva, Uswisi, mwezi Novemba 2025 kwa faranga za Uswisi zipatazo milioni 2.8, sawa na dola za Marekani milioni 3.49 hivi. Bei hiyo iliwashangaza wengi, lakini mfanyabiashara hana budi kuipigia hesabu.

Sarafu hiyo huitwa centén. Thamani yake enzi za Mfalme Felipe III ilikuwa eskudo 100. Ilitengenezwa Segovia, katika kiwanda ambacho mitambo yake iliendeshwa kwa nguvu za maji ya mto Eresma. Haikuwa fedha ya kwendea sokoni, bali ya kuonyesha utajiri wa mfalme. Ya mwaka huo inajulikana moja tu.

Uzito wake ni gramu 339, dhahabu ya karati 22. Dhahabu safi iliyomo ni kama aunsi 10. Mwezi huo wa mnada aunsi moja ilikuwa imevuka dola 4,000. Maana yake, sarafu hiyo ingeyeyushwa ingeleta dola 40,000 na ushei. Zilizosalia, zaidi ya dola milioni 3.4, ni malipo ya uadimu.

Je, uadimu umelipa? Oktoba 2009 sarafu hiyo iliuzwa Barcelona kwa euro 800,000, karibu dola milioni 1.2 wakati huo. Katika miaka 16 bei yake ilipanda karibu mara tatu. Katika kipindi hicho hicho aunsi ya dhahabu ilitoka dola 1,000 na kitu hadi kupita 4,000, yaani karibu mara nne. Aliyeweka dhahabu ya kawaida alipata faida kubwa zaidi.

Isitoshe, dhahabu ya kawaida huuzwa siku yoyote, nusu au robo. Sarafu adimu haikatwi. Husubiri mnada na matajiri wawili wanaoshindana, kisha kuna ada ya dalali na bima.

Kwa mwekezaji mdogo anayeletewa sarafu ya kale, ushauri ni huu: ulizia kwanza bei ya dhahabu iliyomo, halafu bei ya wakusanyaji. Tofauti kati ya bei hizo mbili italipwa tu akipatikana mnunuzi anayeitaka sarafu hiyo hasa.