Steringi Anapoua: Istilahi ya Mhusika Muuaji katika Filamu na Riwaya

Uhakiki wa Kiswahili humwita mhusika anayebeba kisa mhusika mkuu, nguli au shujaa. Jina la mwisho lina mzigo wa kimaadili, na uzito wake huonekana katika filamu za uhalifu ambazo muuaji wake ni mtanashati, mwenye maneno matamu na asiyesutwa na dhamiri. Mfano maarufu ni Tom Ripley, aliyebuniwa na Patricia Highsmith katika riwaya ya mwaka 1955. Katika Plein Soleil (1960), filamu ya René Clément, Ripley anaigizwa na Alain Delon. Mtazamaji humfuata akimuua mwenzake na kughushi saini yake, kisha hujikuta akiingiwa na hofu kila polisi wanapomkaribia muuaji huyo. Kumwita shujaa ni kichekesho. Kumwita mhusika hasi ni kudai kwamba mtazamaji hakuwa upande wake, jambo ambalo si kweli.

Lugha ya vibanda vya video, viwe vya Nyakitonto wilayani Kasulu au vya Manzese jijini Dar es Salaam, ina neno linalofaa zaidi: steringi. Limetokana na neno la Kiingereza lililotangulia majina ya waigizaji wakuu kwenye mabango ya filamu, na mpinzani wake ni adui. Steringi hutaja nafasi, si tabia. Ni yule ambaye kisa humfuata. Kwa hiyo "steringi ni muuaji" ni kauli isiyojipinga, ilhali "shujaa ni muuaji" hudai maelezo. Pengine neno hili limepuuzwa na wasanifu wa istilahi kwa sababu tu linanuka mtaani. Hata hivyo, lina sharti lake: steringi hashindwi. Kwa kipimo hicho riwaya ya Highsmith, ambamo Ripley anaponyoka, ni tiifu kuliko filamu ya Clément, inayomwacha akiitwa kwenye simu bila kujua kwamba polisi wanamsubiri.

Riwaya ya Kiswahili nayo imemkaribia muuaji wa aina hii, tena kwa sarufi. Najisikia Kuua Tena, jina la riwaya ya Ben Mtobwa, mwandishi mwenye asili ya Kigoma, linastahili kusomwa neno kwa neno. Kitenzi -jisikia huandamana na hali za mwili: mtu hujisikia vibaya, hujisikia uvivu, hujisikia kutapika. Kuua kumewekwa katika kundi hilo, mbali na -taka na -kusudia. Kitenzi hiki elekezi hakina yambwa, hivyo atakayeuawa hana nafasi katika sentensi. Tena huchukulia mauaji ya awali kuwa jambo linalojulikana, lisilohitaji kuungamwa. Umbo na- nalo halibainishi kama ni -na- ya wakati uliopo iliyodondosha ni-, au ni muungano wa ni- na -a- ya wakati usiodhihirika. Nafsi ya pili ingetofautisha unajisikia na wajisikia. Katika nafsi ya kwanza, hamu ya sasa na mazoea ya siku zote huandikwa kwa herufi zilezile.