Linganisha mahindi kwa haki, uokoe ini lako

Katika milima ya Kilungu, Makueni, baridi na ukungu huchelewesha mahindi kukauka. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini.

Mwaka wa 2004, sumu hiyo iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya. Kati yao 125 walifariki. Wengi wa wagonjwa walitoka Makueni na Kitui.

Wachunguzi wangeweza kupima mahindi ya wagonjwa peke yake. Lakini je, kama mahindi ya kijiji kizima yalikuwa na sumu kiasi hicho hicho? Kwa hivyo walichagua wagonjwa 40 na, kwa kila mgonjwa, watu wawili wazima wa kijiji kile kile. Mahindi ya wagonjwa yalikuwa na wastani wa mikrogramu 355 hivi za sumu kwa kilo. Ya wale wazima, 44. Kiwango kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa 20. Tofauti ilijitokeza kwa sababu walioshindanishwa walikuwa wa hali moja.

Uliza maswali

Mkulima naye anahitaji busara hiyo. Magunia yasiyopitisha hewa yanafaa, lakini muuzaji akikuonyesha kwamba lake linashinda la kawaida, muulize:

• Je, mahindi ya magunia yote mawili yalitoka shamba moja, yakiwa makavu sawasawa? Aliyetia makavu katika lake na yenye unyevu katika la mwenzake ameshinda kabla ya mchezo kuanza.

• Yalikaa muda uleule, mahali pamoja?

• Yaliyopimwa yalichotwa wapi? Sumu haienei sawasawa; punje chache zaweza kubeba nyingi. Konzi moja ya juu haitoshi. Chota juu, katikati na chini, kisha uchanganye.

• Nani aliyepima? Muuzaji asiwe hakimu wa mali yake.

Kumbuka kwamba hata gunia bora haliondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kupika pia hakuiondoi. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Usihifadhi yenye unyevu ndani ya nyumba, na yaliyoota kuvu usiyale.

Ukiona macho yamegeuka manjano au tumbo linavimba, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.